Nilibonyeza "Kubali Vyote", Sasa Nina Mchumba

Mpendwa Shangazi Mwanakombo, shikamoo.

Samahani kwa kukuandikia wewe mtu mzima usiyenijua, lakini jambo hili naona haya kumwambia mtu anayenijua, na linatakiwa liishe kabla ya Ijumaa, kwa hiyo kama una barua nyingi nakuomba sana yangu uiweke juu. Nimeandika Yuster lakini si jina langu, la kweli liko nyuma ya bahasha na naomba libaki hukohuko. Barua yenyewe unaweza kuichapisha bila wasiwasi, kwa sababu mjomba wangu husoma ukurasa wa bei ya korosho tu, kurasa nyingine zote huenda kwa mke wake kufungia maandazi.

Nina miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, na ninaishi Newala kwa Mjomba Dickson, kaka yake mama. Mama ni mwalimu Nanyumbu na huja likizo tu. Kwetu mambo ya mtoto wa dada ni ya mjomba, na mimi simlaumu, Mjomba ni mtu mwema, ni mzee wa kanisa, na tangu nikiwa kidato cha pili alikuwa akisema nitakwenda kusomea uuguzi Ndanda. Fomu ya kuomba chuo ninayo wiki ya pili sasa. Nimejaza kila mahali. Pamebaki mahali pamoja tu, panapotaka saini ya mlezi, na fomu inatakiwa iondoke Ijumaa, na Mjomba hataki kusaini kwa sababu anaamini kwamba naolewa.

Siolewi, Shangazi. Nitaeleza ilivyokuwa.

Nyumbani kwetu simu ya kioo ni moja, ya Mjomba, na yeye hapendi kubonyezabonyeza, akitaka bei za mnada wa korosho ananipa mimi na kusema, "Yuster, mfungulie mjomba wako dunia." Sasa siku moja alasiri Mjomba amelala, ametoka kupulizia mikorosho, Bibi akaniita jikoni kwake. Bibi yangu ni Anastasia, mama yake Mjomba, anaishi na Babu Ambrosi katika nyumba ya pili uani kwetu. Akafunga mlango, akaweka kigoda mbele ya mlango, akakaa juu ya kigoda, akaniambia nije na simu, nimtafutie gauni. Nikamuuliza gauni la namna gani. Akasema la harusi, lenye mikono mirefu.

Mimi nikafikiri ni langu, karibu nilie. Kumbe ni lake. Bibi na Babu walioana kimila miaka arobaini na tatu iliyopita na kila mwaka walisema wataenda kwa padre kufunga ndoa ya kanisani, na kila mwaka likatokea jambo, mara msiba, mara mtoto kuzaliwa, mara korosho zimeingia ugonjwa, mwisho wakaona aibu kwenda wakiwa wazee. Kwa hiyo miaka yote hiyo watu wakiinuka kwenda kupokea komunyo Bibi anabaki benchi la nyuma, anawashikia watoto wao. Sasa padre mpya amewaambia haijachelewa, na matangazo ya ndoa yataanza Jumapili hii inayokuja. Bibi anataka kanisa zima lisikie siku hiyohiyo kwa mara ya kwanza, Mjomba naye asikie hapohapo, kwa sababu Mjomba akijua mapema ataunda kamati, na Bibi hataki kamati. Akaniapisha nimeweka mkono juu ya goti lake bovu kwamba sitamwambia mtu. Babu naye ameapishwa. Tukipishana uani tunaangalia chini wote wawili.

Basi nikafungua tovuti ya magauni, na kabla sijaona gauni hata moja kikaja kibao kikasema, "Tovuti hii inatumia vidakuzi. Je, unakubali?" Kulikuwa na kitufe kikubwa cha kijani, "Kubali vyote", na chini yake kwa herufi ndogo za kijivu, kama mtu aliyejificha, "Dhibiti machaguo yako". Mimi sikujua kidakuzi ni kitu gani, shuleni hatukufika hapo, kompyuta ya shule ilikuwa ya kuonyeshwa wageni. Lakini nimelelewa kwamba ukifika kwa watu wakakupokea na kukuuliza jambo kwa upole, huanzi kubishana nao mlangoni. Nikakubali. Bibi akasema nimefanya vizuri.

Tukapata gauni lililompendeza, akasema niliweke pembeni, nikaliweka kwenye kikapu cha pale dukani mtandaoni. Halafu akakumbuka kwamba harusi ina kupiga magoti, na magoti yake yakishuka hayapandi, kwa hiyo nitafute dawa ya magoti au kile kitambaa cha kubana goti. Nikafungua tovuti nyingine, nikaulizwa, nikakubali. Halafu Babu anataka meno ya bandia, apige picha akicheka. Nikaulizwa, nikakubali. Tulipita tovuti kumi na moja na zote nilizikubalia, moja niliiambia asante kwa sauti. Ya kumi na moja haikuuliza kitu, iliandika tu, "Ukiendelea kutumia tovuti hii, umekubali," nami nikawa nimeshaendelea. Pia iko iliyouliza kama inaweza kunitumia taarifa mara kwa mara, na sikuona sababu ya kuinyima.

Kesho yake Mjomba akakaa barazani asome bei za korosho. Chini ya bei kukawa na gauni jeupe. Lilelile la Bibi. Juu yake imeandikwa, "Bibi harusi, gauni lako bado linakusubiri kikapuni." Akasogeza chini, akakuta vitambaa vya magoti. Akasogeza, meno. Akasogeza, hoteli ya fungate ya watu wawili. Mwisho kabisa, vigari vya kusukumia watoto wachanga. Akaniangalia, akaangalia simu, akaniangalia tena. Anayeishika simu hiyo nyumbani zaidi yake ni mimi tu, na Mjomba anasema simu hiyo haijawahi kumdanganya hata bei moja.

Hakunisema. Alimwita mke wake, Mama Oscar, wakaingia ndani, na mimi nilikuwa napepeta mchele dirishani kwao, nikasikia Mama Oscar akichambua kama mtu anayehesabia nguo za kufua. Alisema gauni maana yake harusi ipo. Magoti maana yake mwanamume ni mzee. Meno maana yake ni mzee sana. Hoteli maana yake ana uwezo. Na vigari vya watoto maana yake ana haraka. Basi wakaanza kufikiria ni mzee gani hapa Newala mwenye uwezo na haraka, na wakampata. Mzee Nikolao, bwana shamba mstaafu, mjane, anachechemea mguu wa kulia, ana meno ya bandia, na mwezi uliopita amepaka nyumba yake rangi ya buluu. Mimi najua alipaka kwa sababu ya ubatizo wa mjukuu wake, lakini sikuulizwa.

Mjomba akavaa koti akaenda kwake na hasira. Nilidhani wazee wawili watapigana kwa ajili yangu. Lakini Shangazi unajua Newala na shida ya maji, na mwezi huu ndio mbaya kabisa, tunaamka kupanga ndoo bombani na wakati mwingine tunarudi nazo kavu. Mzee Nikolao ana tangi kubwa la kukinga mvua. Mjomba alipofika tu akapewa maji ya kunywa, kikombe cha kwanza, kikombe cha pili, halafu akaletewa beseni. Kwa desturi yetu pia ziara ya kwanza jambo lenyewe halitajwi, watu huongea habari za mashamba tu, kwa hiyo Mzee Nikolao mpaka leo hajui kitu. Mjomba alirudi jioni amepoa kabisa, akakaa, akavua viatu, akamwambia mke wake, "Amenipa maji ya kunawa miguu, Mama Oscar. Ya kunawa miguu."

Tangu siku hiyo Mjomba anamtaka Mzee Nikolao kuliko mtu yeyote.

Wakaniita barazani, wamekaa wote wawili, Mjomba akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, ni kweli una mchumba?" Shangazi, wakubwa wawili wakiniangalia kwa pamoja ulimi wangu unalala. Na nilikuwa naona goti la Bibi mbele ya macho yangu. Nikanyamaza nikaangalia mkeka. Sasa kwetu msichana aliyechezwa unyago akiulizwa habari ya mchumba akanyamaza na kuangalia chini, amekubali, hakuna anayeuliza mara ya pili. Mama Oscar akapiga vigelegele, nyumba za jirani zikaitikia vigelegele bila kujua vya nini. Jumamosi Mjomba atakwenda kwa Mzee Nikolao tena, safari hii na wazee wawili wa ukoo, na hapo ndipo jambo litatajwa. Nilipompelekea fomu alinirudishia taratibu, hakukasirika, akasema, "Ndanda utafuata nini, na hapa kuna tangi?"

Bibi angenisaidia, lakini amekwenda Lupaso kwa dada yake kushonewa gauni mfano wa lile la kwenye simu, hana simu, na atarudi Jumamosi. Babu nilimfuata nikamwambia Babu sema kitu, akaweka kidole mdomoni.

Nimejaribu kurekebisha mwenyewe. Nimeizima simu nikaiwasha. Nimeipangusa kioo kwa kanga yenye maji. Nimetoa laini nikairudisha. Juzi nikaingia tena tovuti ya magauni, pale penye "Wasiliana nasi", nikaandika, "Shikamooni. Mimi si bibi harusi, naomba mniache." Lakini kabla ya kunipokea barua waliniuliza tena habari ya vidakuzi, na kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa naomba, nikaona si adabu kukataa. Sasa wananiandikia kila asubuhi, "Karibu tena, bibi harusi." Jana iliingia Mjomba akiwa kwenye kikao cha kanisa, ikalia, akaisoma mbele ya watu, wakampa pongezi.

Kwa hiyo nauliza, Shangazi. Vidakuzi ni nini, na vinatuona? Vinaweza kupita kwenye waya wa chaji vikaingia kwenye kitochi, ile simu ndogo ya Mama Oscar? Nitavitoaje? Na nikivitoa, Mjomba atasaini? Au nivunje kiapo cha Bibi ambaye amengoja miaka arobaini na tatu, kwa sababu mimi siwezi kungoja mpaka Jumapili? Nataka sana kuwa muuguzi. Mzee Nikolao simchukii, ananisalimiaga vizuri, lakini ana miaka sabini na moja.

Naomba usinicheke.

Ni mimi Yuster, ambaye siyo, Newala.


SHANGAZI MWANAKOMBO ANAJIBU

Yuster, marahaba mwanangu. Barua yako ilinifikia Jumanne nikiwa na kikombe cha chai mkononi, na chai ilipoa. Nimeipandisha juu ya nyingine zote kama ulivyoomba. Majina yote nimebadilisha, rangi ya nyumba ya huyo mzee nimebadilisha, na goti nimehamisha mguu. Kuhusu kukucheka, umechelewa. Nimekucheka hadi mume wangu Shamte akatoka chumbani kuuliza kama kuna msiba. Sasa nimemaliza, tuongee.

Tuanze na simu, kwa sababu simu ni rahisi kuliko mjomba.

Kidakuzi si mdudu, hakina macho, na hakipandi waya. Kaa kwa amani na kitochi cha Mama Oscar. Kidakuzi ni kijikaratasi cha maandishi ambacho tovuti inakiacha ndani ya kivinjari chako, yaani ile programu unayofungulia mtandao, ili ukirudi ikisome na kujua kwamba simu hii imewahi kupita. Vingine vina kazi nzuri. Ndivyo vinavyokumbuka kwamba umechagua Kiswahili, kwamba umeshaingia kwa nywila yako, kwamba kikapuni umeweka gauni na siyo sufuria. Bila hivyo ungekuwa mgeni mpya kila ukigeuza ukurasa. Lakini vingine si vya mwenye duka. Ni vya watu wa makampuni ya matangazo ambao mwenye duka amewaruhusu wakae dukani kwake, na haohao wamekaa kwenye ukurasa wa magoti, na haohao wamekaa pembeni ya bei za korosho. Kila unapopita wanasoma kijikaratasi chao: aha, huyu ni yule wa gauni.

Na hapa nisikilize vizuri, maana ndipo nyumba yenu nzima ilipopotelea. Huyu wanayemsema si Yuster. Si Bibi wala si Mjomba. Ni simu. Mnapopanga ndoo bombani mkazitia alama ya chaki, chaki inajua ndoo imeshapangwa, haijui nani atakayeoga. Mama Oscar amechambua vizuri sana, ningemwajiri hata leo, ila alikuwa anachambua wazee wawili na simu moja akidhani ni msichana mmoja. Magoti ya mke, meno ya mume. Hata vigari vya watoto hakuna aliyevitafuta. Yale makampuni yanabahatisha tu: aliyetazama gauni leo, kesho atataka kigari. Yangemwona bibi harusi mwenyewe yasingethubutu.

Sasa nikugombeze. Nani alikuambia tovuti ni mtu mzima wa kuheshimiwa? Umeliamkia duka la magauni. Umeliomba likuache, likakuuliza kama linaweza kuendelea kukufuata, ukasema ndiyo. Mwanangu, tovuti haina moyo wa kuumia. Ukiikataa haiendi kusema kwa majirani kwamba mtoto wa fulani hana adabu. Kile kitufe kikubwa cha kijani kimefanywa kikubwa makusudi, na yale maandishi ya kijivu yamefanywa madogo makusudi, kwa ajili ya watu wenye haraka na watu wenye haya. Wewe ni wa pili. Kuanzia leo bonyeza palipoandikwa "Kataa", na kama hapapo, fungua hayo machaguo ya kijivu, uache vile vya lazima tu, vingine uzime. Gauni utaliona vilevile. Na tovuti inayosema ukiendelea umekubali, kama si ya lazima kwako, ifunge, nenda kwa mwingine. Maduka yamejaa.

Ili kuvitoa vilivyokwisha kuingia, kwanza muulize Mjomba kama anakumbuka nywila zake, kwa sababu ukifuta, kila mahali alipokuwa ameshaingia atatolewa nje, na sitaki barua ya pili kutoka Newala inayosema korosho zimepotea. Akishaziandika mahali, fungua kivinjari, bonyeza vile vidoti vitatu vya pembeni, ingia kwenye mipangilio, tafuta mahali pa faragha, utakuta pa kufuta data ya kuvinjari. Chagua vidakuzi na data ya tovuti, chagua wakati wote, futa. Hapohapo jirani utakuta pa kuzuia vidakuzi vya washirika wengine, ndio hao wapangaji wa matangazo, zuia. Zile salamu za kila asubuhi ni jambo jingine, hizo ziliingia ulipoikubalia ile iliyotaka kukutumia taarifa; nenda kwenye arifa, tafuta jina la duka, izime. Maneno yanaweza kutofautiana kidogo kwa simu yenu, lakini umefaulu kidato cha nne, utayapata. Kanga yenye maji usirudie.

Na siku nyingine Bibi akikuita jikoni na simu ya mtu, tumia dirisha fiche. Hilo ukilifunga, linatupa vijikaratasi vyake vyote lenyewe. Usijidanganye kwamba ndani yake umekuwa mzimu, tovuti bado inajua kuna mtu amekuja, lakini mwenye simu hatakuta harusi kwenye korosho zake. Matangazo hayatakwisha. Yatakuja ya trekta na ya nywele za bandia, na hayo hayajamwozesha mtu.

Ila usifute kitu bado. Kwanza Mjomba aone kwa macho yake, maana mtu anayeiamini simu hatabadilishwa na maneno ya mtoto. Mpe aishike mwenyewe. Mfungulie duka lolote mtandaoni, mwambie atafute kofia za kuogelea. Abonyeze "Kubali vyote", mara moja hii tu, kwa ruhusa yangu. Afungue kofia mbili tatu, aziangalie vizuri, aweke moja kikapuni. Halafu arudi kwenye bei zake za korosho, akae. Nimejaribu kwa simu ya Shamte na kofia zilianza kumfuata kabla ya chakula cha mchana, za maua na za mapezi ya samaki. Zikichelewa kwenu, mpe muda. Zikishakuja, muulize kwa heshima zote, "Mjomba, unakwenda kuogelea wapi, hapa Newala?" Halafu nyamaza. Hapo ndipo pa kunyamaza.

Kwa sababu pale barazani hapakuwa pa kunyamaza, Yuster, na hili ndilo kubwa. Kama desturi yenu inahesabu kimya chako kuwa ndiyo, basi hujui kwamba hiyo ndiyo tovuti ile ya kumi na moja? Uliulizwa, ukaendelea kukaa mkekani, ukawa umekubali. Sikuambii uidharau desturi. Desturi inasema mjomba aulize, na ameuliza, tena kwa upole, wajomba wengi hawaulizi. Hakuna desturi inayosema mdomo wako ushonwe. Na umejitesa bure na kile kiapo. "Sina mchumba, Mjomba, na sitaki kuolewa sasa." Hebu angalia kama katika maneno hayo kuna gauni. Kuna goti? Kuna padre? Ungeweza kuyasema siku ileile na siri ya Bibi ikabaki mahali pake, imelala.

Usiseme utangoja Bibi arudi. Jumamosi wazee watakuwa wameshatoka, na kwa ninavyomwona huyo Mzee Nikolao, atawapokea vizuri, atawanywesha maji, ataleta beseni, watanawa miguu wote watatu, na kabla jua halijazama utakuwa umeposwa na mtu ambaye mwenyewe hajui ameposa. Yeye naye ana haki ya kuulizwa. Ana miaka sabini na moja, amepaka nyumba rangi kwa ajili ya mjukuu, na sasa mji mzima unahesabu meno yake.

Bibi akirudi usimgombeze. Mweleze taratibu yaliyotokea, na umwambie mimi namsalimu, na kwamba mikono mirefu ni chaguo zuri. Jumapili hii anza kuzoea kukaa karibu na benchi la nyuma, kwa sababu siku ya ndoa yenyewe atakapoinuka kwenda mbele na wenzake, kutakuwa na watoto wa kushikwa, na atatafuta mtu wa kumpa.

Leo ni Alhamisi. Gazeti hili huko kwenu linafika na basi la asubuhi, kwa hiyo una mchana mzima, na Mama Oscar hajaanza kukaanga. Soma hadi hapa, kunja ukurasa, uweke mahali pasipofungiwa maandazi. Chukua fomu. Chukua kalamu inayoandika, uijaribu kwanza kwenye kiganja. Nenda barazani, mwamkie Mjomba, usiangalie mkeka, angalia paji la uso wake kama macho yanakushinda, useme yale maneno yako. Ukishindwa kuyasema yaandike kwenye karatasi umpe asome, lakini usiondoke mpaka amesoma. Kofia zifanye kazi yake, na wewe fanya yako. Halafu weka fomu mbele yake, kidole chako kikiwa pale panapotakiwa saini.

Atauliza, basi lile gauni ni la nani. Mwambie asaini kwanza, jibu linakuja Jumapili.